Sinia Jeupe

Kwanza mabuti. Jozi ishirini na mbili za mpira,
na moja la kushoto lisilo na mwenzake:
hilo la Olgierd, ambaye mguu wake wa kulia ni wa bandia
na, kwa maneno yake, hauna habari na baridi.
Kisha glovu, koleo, magunia, birika la chai.
Kazi yangu mimi ni daftari: nani kaja,
nani mgongo unamuuma,
nani kasema "wiki ijayo" kwa wiki ya tisa.

Aprili, ukingo wa Warta. Barafu imekwisha kuaga
lakini imeacha mguu mmoja mlangoni.
Mierebi inatoa majani madogo kama masikio ya panya,
na chini yake lile gugu geni, jekundu, lenye kiburi,
linachomoza pale pale tulipoling'oa mwaka jana na mwaka juzi.
Jagoda huling'oa huku akilitukana
kwa matusi ambayo watoto huyashika kuliko somo.

Watoto wameshuka kwenye basi la saa nne,
darasa zima, kasoro mmoja aliyetapika njiani.
Wanamzunguka Wacław na wavu wake.
Mzee huyu hagawi tabasamu ovyo.
Anachota tope, analimimina kwenye sinia jeupe,
ananyamaza.
Tope linatulia.
Halafu tope linatembea.

Mayowe!
"Huyu ni mtoto wa kereng'ende," anasema. "Huyu
kajijengea nyumba ya punje za mchanga, na kodi halipi.
Huyu mdogo mwenye mikia mitatu, mtazameni vizuri:
maji yakiingia sumu, yeye ndiye wa kwanza kufa.
Akiwepo, mto unapumua."

Wanahesabu. Kalina anaandika: kumi na saba.
Anauliza bila kuinua kalamu,
"Na zamani walikuwa wangapi?"
"Hakuna."
"Hata mmoja?"
"Hata mmoja. Mto ulikuwa na rangi. Jumatatu kahawia,
Alhamisi buluu, kutegemea viatu vilivyoagizwa."
"Nani aliutia rangi?"

Kwenye karatasi ya somo jibu lipo:
kiwanda cha ngozi, kilichofungwa zamani.
Nililiandika mwenyewe. Najua atalisoma
kama alivyolisoma miaka sita,
kwa sauti ya mtu anayetangaza treni.

Wacław anafuta mikono kwenye suruali.
Anatazama ng'ambo, kwenye lile bomba la saruji
ambalo siku hizi mdiria amelifanya kibaraza.
"Mimi," anasema.
"Zamu ya usiku. Koki ilikuwa nyekundu, nzito,
haifunguki ila kwa mikono miwili.
Miaka kumi na minne.
Asubuhi nanunua mkate, nalala."

Mwalimu wao anakohoa.
Kalina anamtazama kama anavyowatazama wadudu,
bila chuki, akitaka tu kujua ana miguu mingapi.
"Ulijua?"
"Rangi niliiona. Pua nilikuwa nayo.
Kuuliza ndiko sikuuliza."

Anaandika. Sijui anaandika nini.
Kisha anaweka kalamu sikioni, anashika ukingo wa sinia:
"Shika huko, tuwarudishe."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Sina ubishi na wahenga.
Ila naona mikono minne, miwili ya madoadoa
na miwili yenye wino,
ikiinamisha sinia taratibu, taratibu,
mpaka mdudu wa mwisho mwenye mikia mitatu
ashike mkondo.

Saa nane nafunga daftari. Kwenye safu ya kazi
kaandika kama kila wiki: wavu.
Kwenye safu ya saa, ambapo sisi wote tunaweka tatu, nne,
kaweka kistari.

Gugu limebaki nusu.
Olgierd anauliza nani kachukua buti lake.