Kidaka cha Tatu

Mamangu huuliza akipita na sinia:
"Walipwa ni nani, we Somoe,
kukesha na majina ya wageni?"
Namwambia chai imezidi tangawizi.

Majina thelathini na saba.
Maarja wa Tartu, mashine yake i ghalani, ubavuni mwa viazi.
Wira wa Bandung, asiyelala, au alalaye sisi tukiwa macho.
Nuhu wa Zinder, wa jua na betri za lori bovu.
Evaristo wa Cochabamba, ambaye kila barua huimaliza
kwa hali ya hewa ya kwao, kana kwamba nasafiri kesho.
Na chuo kimoja Eldoret, hanijibu mtu,
lakini mashine yao haijasinzia hata siku moja.

Mashine hizi twaziita vioo.
Mfumo endeshi ni mmoja, bure, wa kila autakaye,
nazo zimeushika sura ile ile, nchi kwa nchi,
ili mhitaji achukue kwa jirani.
Kazi yangu ni kupita usiku nikibisha hodi:
Upo? Umeshanakili? Muhuri wako wasemaje?
Muhuri una herufi na tarakimu sitini na nne.
Nukta moja ikigeuka ndani ya faili,
muhuri mzima hugeuza uso.

Kioo cha thelathini na nane ni changu.
Kipo Mkomani, ukumbini, kidaka cha tatu toka mlangoni,
ilipokaa sahani ya bibi iliyopasuka siku ya arobaini yake.
Chokaa hukidondokea. Waya umepita tundu la mchwa.
Stima ikikatika hukoroma mara moja,
kama punda aliyeamshwa, kisha kimya.

Toleo jipya lilikuwa la Alhamisi, saa sita usiku.
Niliwaandikia: nakilini, msifungue mlango hadi niseme,
maana atakayefungua peke yake
watu watammiminikia, azame.
Tartu, tayari.
Zinder, tayari, betri nusu.
Cochabamba, tayari, na mvua ya mawe.
Eldoret, kimya, tayari.
Kisha Wira, maneno manne:
Lamu, muhuri wako haulingani.

Herufi ya kwanza tu ilitosha.
Wao wana f, mimi nina tisa.

Sheria niliitunga mwenyewe, mwezi wa Rajabu,
kwa ukali wa mtu mgeni kazini:
kioo kikisema uongo hutolewa papo hapo, hakiulizwi sababu.
Nilishamtoa Evaristo kwa kuchelewa siku mbili.
Aliandika: Sawa. Hapa kuna baridi.

Kule Siyu, babu wa babangu alinakili misahafu.
Twaambiwa akikosa irabu moja hakukwaruza,
aliutenga ukurasa, akashika mwingine.
Kurasa zile zilikwenda wapi,
hilo hakuna aliyelisimulia.

Nikaifuta Lamu.
Mstari ukabaki mweupe,
na saa sita ilipogonga nikasema: fungueni.

Usiku ule ule mtu wa Faza aliuchukua mfumo.
Niliiona anwani yake ikipita.
Siku zote ningempa mimi, hapa tu, ng'ambo ya mikoko.
Alipewa na Eldoret, dakika kumi na nne.
Hakujua. Wala hana haja ya kujua.

Alfajiri niliifungua mashine, nikachomoa kumbukumbu,
kibao chembamba, meno yake ya dhahabu
yamevaa ukungu wa chumvi.
Nikaazima kifutio cha mpwa wangu Lali,
kile alichokitafuna upande mmoja,
nikasugua polepole, jino kwa jino.

Mamangu akasimama na sinia.
"Na sasa wafuta nini?"
"Kumbukumbu."
Akanitazama.
"Si zenu, mama. Za hiki."

Kinanakili upya. Asilimia kumi na moja.
Nimemwandikia Wira: ahsante.
Amejibu kwa muhuri mtupu, ule wa kweli,
herufi na tarakimu sitini na nne,
bila salamu,
nilinganishe mwenyewe.