Haja Ndogo

Baba alilala chali kwenye saruji ya banda, Nyanguge,
akinielekeza nitoboe hapa, si pale,
na neno lenyewe hakulitaja.
Alisema "ile shughuli".
Alisema "mambo ya maji".
Mimi ni fundi bomba, Nyakato nzima wananijua,
nimezibua vyoo vya baa usiku wa sikukuu,
lakini mbele ya baba mzazi
nami nikasema "ile shughuli",
keekee ikaunguruma, ikatuokoa wote wawili.

Glaida ni ya mtumba, nyeupe, haina injini,
tumbo lake jembamba kama la ningu aliyemaliza kutaga.
Rubani hukaa humo kama jino kwenye ufizi:
hasimami, hageuki, hana pa kwenda,
na siku njema aweza kuzunguka saa tano
juu ya miamba, akipandishwa na hewa moto
pamoja na korongo wa majalalani.

Miaka sitini na mitatu ina masharti yake.
Dawa ya presha nayo ina yake.
Mwezi wa nane aliamua asinywe maji tangu alfajiri
ili asibanwe huko juu.
Akarudi midomo imepasuka, akiliona ziwa mara mbili,
akatua ng'ambo ya barabara, katika pamba ya watu.
Mwenye shamba akampa maji kwa kata.
Akanywa, akajisaidia papo hapo kwenye tuta,
ndipo akanipigia simu.

Basi nikapanga vifaa juu ya gunia:
mrija wa silikoni, mita moja na robo;
faneli niliyoipasha moto nikaipinda mdomo;
vali ya kwenda bila kurudi;
na kipande cha bomba kilichokatwa mshazari
kichungulie chini ya tumbo, nyuma ya gurudumu,
upepo uvute, usirudishe.
Kisipochungulia vya kutosha, nilimweleza,
yatapakaa mkiani, yatakula nyaya.
"Mkojo una chumvi, baba."
Hapo neno likaponyoka.

Kimya. Wadudu wa ziwa walishaanza kuizonga taa.
Kisha akacheka mpaka akakohoa.
"Ulinikojolea mgongoni, kivuko cha Kamanga,
siku nina barua ya kazi mfukoni.
Nilifika kwa mkurugenzi nanuka wewe."
"Deni hilo," nikasema, "ndilo nalitobolea njia."

Tukajaribu kwa chai ya rangi iliyopoa, lita nzima,
feni la sebuleni likipuliza badala ya anga.
Vali iligoma mara mbili. Mara ya tatu
uzi wa kahawia ukanyooka hadi sakafuni,
mkia haukupata hata tone.
Ila pale kwenye kiungo cha pili
palitoka kijasho. Nilipaka gundi. Sikuridhika.

Jumamosi winchi, injini ya lori lililokufa zamani,
ilimrusha kama jiwe la kombeo.
Akaachia waya, akageukia kulia,
akawa mkwaruzo mweupe juu ya vilima,
kule upepo wa ziwa unakogombana na joto la nchi kavu.
Chupa mbili za maji alikuwa nazo, nilizihesabu.
Nikakaa na redio. Saa moja. Mbili na robo.
Nilimwomba Mungu jambo ambalo
sijawahi kusikia mtu akiliomba kanisani.

Halafu sauti yake, rasmi, kama anasoma taarifa ya habari:
"Ardhini, hapa hewani. Niko juu ya Magu,
mita elfu mbili. Ile shughuli imekwisha salama."

Nikabonyeza kitufe nimjibu,
nikatafuta neno la adabu linalotosha, sikulipata.
"Kiungo cha pili?" nikauliza.
Redio ikakoroma kidogo.
"Kinavuja," baba akasema.
"Soksi ya kushoto."