Maneno Sita Yaliyobaki

Nguzo zilipofika mjini kwetu, mashariki ya Lembergi,
watu walitega masikio kwenye mbao, wakasema zinavuma.
Mimi, Getzel, niliyeacha chuo cha Talmudi kwa ajili ya mshahara,
nikapewa kofia yenye nembo ya Kaisari,
na meza, na saa isiyokubali ubishi.
Baba alikaa chini siku saba, kama aliyefiwa.

Siku ya nane akaja na swali.
"Ni kweli kwamba Waamerika, siku ile ya kwanza,
walipitisha wayani maneno ya Torati?"
Ni kweli, nikamwambia.
"Na aliyeyasema awali ni nani?
Nabii wa kukodi, aliyeumbuliwa na punda wake.
Basi chunga, mwanangu. Kinywa cha kukodi
chaweza kubeba kweli bila kuijua."

Tangu hapo, kila nikigusa ufunguo, namkumbuka punda.

Mwezi wa Adari, theluji bado iko mapaani,
ukanda wa karatasi ukatema:

ZANVIL AMEFARIKI GALATI KWA HOMA. AMEZIKWA.

Miaka mitatu Tsirl alikuwa mke aliyetiwa nanga:
si mjane, si mwenye mume,
sahani mbili mezani kila Ijumaa.
Nikampelekea. Hakuisoma. Aliikunja ndani ya aproni,
tukaenda kwa Rabi Yekusiel.

"Nani amesema?"
Waya, nikajibu.
"Waya una macho?"
Nikamweleza kuwa naujua mkono wa mwenzangu wa Chernovitsi,
anavyosita kabla ya herufi R kama mwenye kigugumizi,
na kwamba hajawahi kunidanganya.
Rabi akautazama mshumaa.
"Zamani wazee wetu walitangaza mwezi mpya kwa moto,
mlima kwa mlima, mwenge ukipungwa juu na chini,
mpaka uhamisho wote ukawaka kama jiko moja.
Kisha wapinzani wakawasha moto wa uongo, usiku usio wake.
Tangu siku ile wakatumwa watu wenye miguu.
Moto hauapi, Getzel."

Lakini Galati ni mbali,
na rabi alikuwa na binti wa umri wa Tsirl.
Akamwita pembeni, akamnong'oneza.
Tsirl akaandika kitu kwenye kikaratasi,
kikafungwa kwa nta. Kisha nikaambiwa: uliza.

MAREHEMU ZANVIL MCHUUZI WA MANYOYA. NANI ALIMWOSHA?
ASEME ALAMA IPI ALIONA MWILINI. JIBU UPESI.

Siku mbili. Alizikaa kwenye benchi la ofisi,
akinitazama vidole.

WAOSHAJI WAWILI. MGUU WA KUSHOTO.
KIDOLE CHA MWISHO HAKIPO.

Rabi akaivunja nta. Akasoma, akasoma tena,
akalia kabla yake. "Umefunguliwa, binti."
Kidole kile kililiwa na baridi
usiku Zanvil alipotembea kwenda harusini kwake,
buti moja likiwa na tundu.
"Nami nilimcheka," akasema Tsirl.
Hapo ndipo alipofiwa.

Bei yetu ni ya maneno ishirini, utumie usitumie.
Siku zake za msiba zilipoisha alikuja ofisini,
vazi bado limechanika kifuani.
"Swali la rabi lilikuwa na maneno mangapi?"
Kumi na manne.
"Na tulilipia?"
Ishirini.
Akahesabu polepole, kama anayehesabu mayai gizani.

Hakuna kanuni inayoruhusu.
Niliutazama mlango, nikauvuta ufunguo.

ASANTENI MLIOMVIKA SANDA. JIWE NITALETA MWENYEWE.

Mkono ulinitetemeka kwenye jiwe.
Mwenzangu wa Chernovitsi akahisi, akagonga:
ni nani huyo mezani?

Yule mtu wa majivu na majipu aliulizwa, kutoka ndani ya tufani,
kama anaweza kutuma radi ziende,
nazo zimwambie: tupo hapa.
Mimi sina jibu lake. Mimi ni wa mshahara.

Tupo hapa, nikagonga. Wawili.