Hatua Mbili

Nilirudi kutoka zahanati jua likiegemea milima,
viatu mkononi, gauni jeupe limefungwa ndani ya salfeti.
Niliogea uani, nyuma ya bati,
kwa ndoo moja na sabuni ya mche,
mikono ikipasuka kama udongo wa Mpunguzi mwezi wa kumi.

Nawe, Nyemo, miaka minne na nusu,
ulikaa kizingitini na gunzi lako ulilolivika kitambaa.
Wiki ya kwanza ulinikimbilia,
bibi yako akakudaka, miguu yako ikipiga mbio hewani.
Wiki ya pili ulilia.
Wiki ya tatu hukulia.
Ulinitazama, ukarudi nyuma mwenyewe,
hatua moja, ya pili,
ukasema, "Hapo, mama. Hapo hapo panatosha."

Nani alikufundisha? Si mimi.
Labda redio ya bibi, ile inayoongea na kukoroma,
au yule jirani aliyepokea chenji kwa ncha ya kijiti.
Usiku nilisikia kupitia ukuta
ukilionya gunzi lisikohoe.
Na godoro lililokauka tangu mwaka wa jana
likaanza tena kuanikwa asubuhi, juu ya ua wa miiba.
Bibi hakusema neno. Aligeuza tu upande wenye doa.

Kazini, mizani ya watoto ilining'inia kwenye boriti,
kaptula yake ya bluu tupu,
upepo ukiizungusha, ukiirudisha.
Daftari la chanjo: Jumanne, watoto wawili.
Jumanne iliyofuata, mmoja,
naye kaletwa kwa sababu ya kuungua uji.
Kina mama walipita barabarani, mitandio hadi puani,
wakituangalia kama watu wanaopita penye nyuki.

Kisha akaletwa mtoto wa Sechelela,
kutoka ng'ambo ya korongo, juu ya baiskeli,
macho mekundu, vipele nyuma ya masikio.
Hakuugua ugonjwa wa redioni.
Aliugua ule wa zamani,
ule ambao kinga yake ilikuwa hapo, ndani ya jokofu letu,
jokofu likinguruma taratibu
miezi mitatu, kama mtu asiye na habari.

Sechelela aliniuliza, "Si mlisema tukae ndani?"
Nilikuwa nimevaa barakoa.
Nilishukuru kuwa nimevaa barakoa.

Shule zikafunguliwa. Dawati la tatu likabaki na nafasi;
Mwaluko alikuwa Bahi, anachunga kwa mshahara,
na mwalimu aliita jina lake siku nne,
siku ya tano akaliruka.

Sasa una miaka saba.
Barakoa yangu ya kitenge umeigeuza mfuko wa gololi.
Ndoo ya maji tiririka imepandwa mchicha,
koki yake bado inadondosha.
Watu wanasema yamekwisha, nami naitikia.
Lakini unanawa hadi viwiko,
na ukisalimia unasalimia kwa mbali, kwa adabu,
kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Jana jino lako la mbele liling'oka.
Ulikuja mbio toka nyuma ya nyumba,
damu kidevuni, kicheko chenye pengo,
kisha mguu ukakumbuka.
Ukasimama. Mkono ukaunyoosha, jino likiwa katikati ya kiganja.

Nilipiga hatua moja.
Ya pili nikakuachia.

Jikoni uji wa uwele ulianza kupanda, ukafika ukingoni.
Niliusikia.
Niliuacha umwagike.