Klachi ya Mninga

Mihayo anasema gari langu limekufa.
Analishika kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya,
analipindua, anachungulia chasisi:
Kaka, hili halijawahi kubeba hata gunia.

Kweli. Bedifodi yangu ina shibiri moja na ushei,
bati la debe la mafuta ya kula, waya, gundi, msasa.
Nimeipima kwa rula ya shule na kitabu cha mafundi
nilichokiokoa gereji ya ushirika siku wanachoma makaratasi;
hadi leo kurasa zinanuka grisi.
Inchi ishirini na nne za lori, inchi moja ya bati.
Taa mbili, si nne.
Kijani cha kiwandani nimekichanganya mara tisa,
mara ya nane kikawa kama mchicha uliolala,
nikakimwaga uani, kuku wakaja kuonja.
Bampa imenyooka, haijawahi kukutana na ng'ombe.

Lake sasa!
Honi tatu juu ya kabini, vioo kama masikio ya sungura,
rimu za vizibo vya soda,
nikeli ya karatasi za pakiti za sigara alizookota stendi,
shokomzoba za springi za kalamu, likiguswa linadunda,
na nyuma, kwa herufi nyekundu zinazogombania nafasi:
NDONO WANANIJUA.
Watoto wa Isevya wanalifuata dirishani.
Langu wanaliuliza: hili la nani? Halafu wanaondoka.

Tumebishana tangu masika.
Mimi: kitu kiheshimiwe kilivyozaliwa.
Yeye: hakuna lori lililofika Urambo likarudi lilivyozaliwa.
Mimi: basi uongo wako unang'aa.
Yeye: na ukweli wako haujatoka hata getini.

Mama alikuwa anabangua karanga, hatukujua anasikia.
Akasema bila kuinua macho:
La baba yenu mlango wa kushoto ulikuwa mwekundu.
Akarudi kwenye karanga zake.

Mwekundu. Nikakumbuka.
Aliinunua ikiwa imepita mikono mitano,
mlango wa lori jingine, boneti ya jingine,
hata namba ya injini ilikuwa na historia asiyopenda kuisimulia.
Mihayo akatabasamu, akadhani ameshinda,
ila hapakuwa na honi tatu, wala nikeli.
Palikuwa na mlango mwekundu, na kamba mahali pa kitasa.

Na klachi.

Hili Mihayo halijui, alikuwa mgongoni mwa mama
mwaka ule baba alipoanguka Kaliua
kutoka juu ya marobota ya tumbaku.
Mguu wa kushoto ukaunga vibaya, ukapungua vidole vitatu.
Akachonga kipande cha mninga,
akakifunga kwenye pedeli kwa mpira wa tyubu,
kiuje kimfuate mguu pale ulipoishia.
Aliyeazima lori alishuka akisugua goti, akilaani.
Baba alicheka: hilo halitaki mtu mwingine.

Sikuupaka mlango rangi nyekundu.
Nilifungua kopo, nikachovya brashi, nikaifuta.
Kitabu kipo mezani, ukurasa wa kumi na moja,
pedeli tatu za chuma, hakuna neno kuhusu mninga.

Lakini usiku ule umeme ulipokatika Isevya nzima,
niliwasha tochi ya simu, nikaishika kwa meno,
nikabanja ukingoni mwa kigoda cha mama
kibanzi kama punje ya mchele,
nikakiingiza kwa kibano cha kutolea miiba,
chini ya usukani, kushoto,
mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika.
Kisha nikaziba kabini kwa gundi.

Asubuhi Mihayo kalichukua tena, kwa vidole vilevile viwili.
Akalitikisa sikioni.
Kaka, kuna kitu kinacheza humu.

Nikamwambia ni gundi, haijakauka.