Meli Ilipanda Mara Saba

Nimeitafuta filamu ile miaka mingi.
Leo nimeipata, imo ndani ya simu,
ndogo kama kibiriti,
na binti yangu Ng'wasi ameniegemea begani,
barazani kwetu Kitangiri, umeme umekatika,
chaji imebaki asilimia thelathini na moja.

Nilimwonya kwanza: hii ndiyo iliyonivunja mkono.
Akacheka. Nikamwonyesha kiwiko
ambacho hadi leo hujua mvua ingali Ukerewe.
Niliruka kutoka jiwe la nyuma ya kwa akina Bugumba,
chandarua cha bibi shingoni.
Plasta ya Bugando niliivaa wiki sita
na sikujuta hata moja.

Nilikuwa na miaka tisa. Igogo, kibanda cha Lushinge:
mabenchi sita, turubai jeusi mlangoni,
kiingilio shilingi hamsini, au furu watatu wabichi,
jenereta ikikohoa nje kwenye harufu ya mapanki.
Lushinge alikaa kando ya runinga na kipaza sauti,
akitufasiria Kizungu ambacho, sasa najua,
hakukijua.

Yule mzee wa koti jeupe, Ng'wasi ananiambia,
anasema moyo wa mgonjwa umesimama.
Lushinge alisema: "Daktari anauliza, nani kala ugali wangu?"
Tulicheka hadi benchi likaanguka.
Na shujaa, fundi wa minara aliyepigwa na radi
akaamka kifua kikitoa mwanga,
kwa Lushinge alikuwa kijana wa Magu
aliyekanywa na mama yake asipande nguzo siku ya mawingu.
Asiyesikia la mkuu, alisema Lushinge,
huota taa kifuani.

Lakini ile meli.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa meli yetu.
Mnaujua, sitasema zaidi.
Mji ulikuwa bado unaongea kwa sauti ya chini.
Kwenye filamu, karibu na mwisho, meli inazama,
shujaa anaifuata, mapovu, kiza,
kisha ziwa (kwao ni bahari, sisi tuliona ziwa)
linavimba, na meli inapanda mabegani mwake
ikimwaga maji kila dirisha.

Lushinge alinyamaza.
Mtu aliyefasiri hata vilio vya farasi.
Akaweka kipaza sauti chini, akabonyeza,
mkanda ukalia kama panya, meli ikarudi chini.
Akaachia. Ikapanda.
Akairudisha. Ikapanda.
Hakuna aliyedai hela yake.
Muuza karanga aliyekuwa akipita tu
aliingia na ungo wake kichwani
akasimama mbele kabisa, na hakuna aliyemwambia
anaziba.

Nilihesabu mara saba.
Nikakua nikiamini ndivyo ilivyotengenezwa:
kwamba shujaa alishuka mara saba
kwa kuwa mara moja haikutosha.

Leo ni sekunde kumi na mbili.
"Baba, ni ya kuchezea," anasema Ng'wasi,
"ona, matone makubwa kuliko madirisha.
Wameizamisha kwenye beseni."
Kweli, ni beseni.
Hata kamba inaonekana, pale kushoto.
Shujaa anaibuka, anatengeneza nywele,
anamwambia msichana neno, wanacheka,
muziki, majina, basi.

Utotoni sikuliwaza hili:
ili meli ipande tena
Lushinge alilazimika kuizamisha tena,
kwa kidole chake mwenyewe,
mara sita.

Sijui alikuwa na nani mle. Hatukuuliza.
Kibanda siku hizi kinauza simenti.

Asilimia kumi na tisa.
"Tuangalie nyingine," anasema Ng'wasi.
Nasema ngoja.
Naweka kidole kwenye kioo, navuta kushoto,
maji yanajifunga juu ya meli.
Ng'wasi ananitazama,
kisha anaishika simu kwa upande wake
isitikisike.