Kifuniko cha Chupa ya Jamu

Katika jengo letu la Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
lifti haikubebi bure.
Kushuka, shuka; hakuna anayekudai.
Kupanda ndiko kwenye bei:
sarafu ya tetri kumi uitumbukize kisandukuni,
ndipo mlango ukohoe,
ndipo kamba zikumbuke kazi yao.

Juu ya kisanduku palikuwa na kifuniko cha chupa ya jamu,
chekundu, ukingo umeliwa na kutu,
na ndani yake sarafu za yeyote.
Nani alikiweka? Nimeuliza miaka tisa.
Nazibrola wa ghorofa ya tisa asema ni marehemu mumewe.
Guram fundi viatu asema ni yeye,
lakini Guram hudai hata mvua.

Umerudi na viazi, mfuko umetoboka,
ghorofa kumi na mbili zimekukalia kichwani:
unachukua moja.
Kesho ukiwa nazo unarudisha mbili.
Au hurudishi. Hapakuwa na daftari.
Siku moja niliikuta lira ya Kituruki humo,
haifai kitu, lifti ingeitema,
na sikuiondoa.

Mwaka jana kampuni ikaleta kadi.
Vijana wawili wenye sare, bisibisi, kazi ya saa moja,
kisanduku kikang'oka kama jino.
Sasa lifti haikohoi, inalia ti.
Kila nyumba na kadi yake,
kila kadi na salio lake,
na kila mtu na lwake.

Nilimkuta Nazibrola ngazini, baada ya ya tano,
kiganja juu ya goti, kilemba kimelegea.
"Nahesabu ngazi," akasema,
kana kwamba serikali imemtuma.
Nikamwambia panda nami. Akasema amebakiza chache.
Alibakiza sitini na nne.
Nami nilikuwa nashuka, nina haraka,
nikashuka.

Jumatatu yake palitundikwa kadi msumarini,
kamba ya viatu, maandishi ya kalamu ya bluu: YA WOTE.
Tukaijaza, huyu lari moja, yule nusu,
tukaizoea upesi, kama watu wanavyozoea maji ya bomba.

Kisha ikapotea.

Sikusema kitu. Nataka ijulikane kwamba sikusema.
Wengine walisema, pale kwenye visanduku vya barua,
na jina lilikuwa moja: Bachana,
wa ghorofa ya nne, aliyetoka jela theluji ikiyeyuka,
aliyeamkia watu akitazama viatu vyao.
Mimi nilimtazama mikono tu.
Nilimshikilia mlango, nikatabasamu,
na macho yangu yakampekua mifuko.
Akaona. Mtu aliyepekuliwa sana hukosi kumwona akiona.
Akapanda kwa ngazi.

Siku ya nne kadi ilikuwa msumarini.
Kamba mpya, ya kijani.
Iliondoka na lari mbili na ushee;
niliigusisha, kioo kikaandika kumi na moja.
Hakuna barua, hakuna samahani,
hakuna niliazima, mtoto alilazwa, nilikuwa na zamu ya usiku.
Tenda wema nenda zako, wanasema.
Huyu alikwenda zake kabla hatujajua
kama ni mwizi au mfadhili,
na labda ni wote wawili,
na labda ni mimi niliyehitaji awe mmoja.

Guram asema ni yeye.

Jana nimeingia na magunzi mawili ya mahindi ya kuchemsha, ya moto,
Bachana yumo ndani tayari.
Nimetafuta kadi yangu, mkono huu, mkono ule,
midomo yangu ikitafuta neno
la ukubwa unaofaa nafasi ile ndogo.
Yeye amegusisha yake,
amebonyeza nne, na kabla sijafungua kinywa
amebonyeza kumi na mbili.

Nimempa hindi moja.
Amelipokea kwa mikono yote miwili.
Ghorofa ya nne mlango umefunguka,
ametoka akilipuliza,
na mimi nimepanda nane zilizobaki
kwa salio la mtu mwingine.